Miaka Thelathini na Moja ya Bi Marietha Mchopa, Mkutubi Aliyezifungia Sura za Mwisho

Ijumaa ya tarehe 30 Mei 2025, Bi Marietha Mchopa, mkutubi wa Shule ya Sekondari Mnazipacha, Temeke, anastaafu baada ya kuitumikia shule yetu kwa miaka thelathini na moja na miezi mitatu. Alipoanza kazi Februari 1994, maktaba ilikuwa kabati moja ndani ya stoo ya majembe, na ufunguo wake alikaa nao mwalimu wa michezo. Leo ni chumba chenye madirisha manne, vitabu elfu mbili na mia tatu, na feni inayozunguka siku inayotaka.

Bi Marietha alizaliwa Newala mwaka 1965, binti wa mchonga vinyago aliyehamia Dar es Salaam kufuata soko. Siku ya kwanza kazini alikuja na cheti chake cha ukutubi na vipande viwili vya mpingo alivyochongewa na baba yake, vya kuegemeza vitabu visianguke. Alivipanga kwenye rafu ya hadithi za upelelezi, na hapo ndipo vilipo hadi leo.

Rafu hiyo aliipenda kuliko zote na hakuficha. Kila Jumatatu alibandika kwenye ubao wa nje habari mpya: riwaya ya upelelezi iliyotoka, filamu inayopigwa mjini, tamthilia iliyoanza kuonyeshwa. Chini yake aliandika maoni yake kwa kalamu nyekundu. Hakuwa mwepesi wa kusifu. Alitazama tamthilia akiwa na daftari mapajani, na kila kosa aliliandika: askari aliyeshika kisu kwa mkono mtupu, maiti aliyepepesa macho, mshukiwa aliyeingia chumba cha mahojiano na shati jeupe akatoka na la bluu. Mwaka 2018 alikusanya makosa arobaini na moja akayatuma kwa kituo cha televisheni kilichohusika. Walimjibu kwa adabu na kumpa kalenda.

Mwaka jana tamthilia moja ya mauaji ilipendwa na mji mzima. Yeye aliandika ubaoni kwamba muuaji anaishi kwenye jumba la Msasani na tumeambiwa hadi jina la mbwa wake, lakini mbeba mizigo wa Tandale aliyeuawa katika sehemu ya kwanza hakupewa jina hadi tamthilia ikaisha. Tulibishana wiki nzima. Jonas wa Kidato cha Nne alimwambia, "Madam, yule si ni maiti tu, jina la nini?" Akamjibu, "Kamuulize mama yake."

Wageni wa maktaba yetu hushangaa wanapoazima riwaya ya upelelezi na kukuta haina mwisho. Sura ya mwisho imekatwa, imejaladiwa peke yake kwa karatasi ya kaki, na iko kwenye droo ya meza ya Bi Marietha. Msomaji akifika hapo huandika mistari mitatu. Wa kwanza, nani kafanya. Wa pili, ushahidi ni upi. Wa tatu, ni kitu gani kingekuonyesha kwamba umekosea. Mstari wa tatu ukiwa mtupu, droo haifunguliwi. Mara yangu ya kwanza niliandika "hakuna". Alinirudishia karatasi akasema, "Maisa, mtu anayesema hakuna ndiye ninayemwogopa."

Sisi wa Klabu ya Hadithi za Upelelezi tulidhani huo ni mchezo wake tu. Mwezi Machi, nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu, nilimuuliza mchezo ulianzaje. Alifunga mlango wa maktaba, akaketi upande wa wanafunzi, akanisimulia. Alipomaliza alisema niandike yote, la sivyo nisiandike chochote. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Editha, alikaa na rasimu yangu siku mbili. Aliirudisha akiwa amesahihisha koma tatu tu.

Mwaka 2009 sura za mwisho za riwaya sita zilikatwa kwa wembe, moja baada ya nyingine, katika muda wa miezi miwili. Bi Marietha aliumia kama mtu aliyeingiliwa nyumbani kwake. Akafanya jambo alilokuwa amelisoma katika hadithi nyingi: akawakusanya washukiwa katika chumba kimoja. Wanafunzi kumi na wanne waliketi. Yeye alitembea katikati yao akitaja dalili moja moja. Daftari la waazimaji lilionyesha mwanafunzi mmoja tu aliyewahi kuazima vitabu vyote sita. Mwanafunzi huyo hukaa meza ya nyuma. Na ndani ya mkebe wake wa hesabu mna wembe. Hapo akamnyooshea kidole msichana wa Kidato cha Tatu, Hamdiya Sadallah.

Kila mwanafunzi wa wakati ule alikuwa na wembe wa kuchongea penseli. Mikebe mingine kumi na mitatu haikufunguliwa.

Hamdiya hakulia. Alisema, "Madam, kile cha sita hata sijakimaliza. Nitakataje mwisho ambao sijausoma?" Bi Marietha ameniomba niandike pia kwamba saa ile alijisikia vizuri, kwa sababu kila kitu kilikuwa kimekaa mahali pake kama kwenye kitabu. "Ilikuwa tamu," aliniambia. "Hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo."

Kesho yake Hamdiya aliitwa mbele ya paredi ya wanafunzi mia sita, kosa lake likasomwa, akasimamishwa masomo wiki mbili. Baba yake alikuwa na duka la nafaka Tandale, mtu aliyejulikana na kuheshimiwa. Wiki mbili zilipokwisha hakumrudisha.

Miaka minne ikapita. Mwaka 2013 alifariki Mzee Leodegar, mhudumu aliyefagia maktaba yetu kila asubuhi kabla wanafunzi hawajafika. Wiki tatu baada ya maziko, mjane wake, Mama Anastasia, alikuja kutoka Pugu kwa kujikongoja, mguu wake ukiwa mbovu, akiwa na mfuko wa rambo. Ndani yake mlikuwa na sura sita za mwisho, zimenyooshwa vizuri, hakuna hata moja iliyokunjwa.

Kwa kanuni ya wakati ule vitabu viliazimwa na wanafunzi na walimu tu. Mzee Leodegar alisoma akiwa amesimama, kurasa chache kila siku, ufagio ukiwa kwapani. Jioni alimsimulia mkewe, ambaye kwa sababu ya mguu hakutoka nyumbani. Mama Anastasia alisema kosa ni lake. Hadithi ilipokaribia kuisha alikataa kusimuliwa; alitaka asomewe mwisho kwa maneno yenyewe ya kitabu. Mumewe alikata sura moja akiwa na nia ya kuirudisha, kisha nyingine. Hamdiya aliposimamishwa masomo, mzee aliogopa kusema. Baada ya hapo, mjane alisema, hawakusoma tena hadithi yoyote, na mzee hakupenda kupita mbele ya lango wakati wa paredi.

Bi Marietha alinieleza jambo hilo akitazama mikono yake. "Niliwatazama wote waliokaa," alisema. "Aliyeshika ufagio sikumtazama."

Alimpelekea taarifa mkuu wa shule wa wakati ule, akaomba jina la Hamdiya lisafishwe palepale lilipochafuliwa. Alijibiwa kwamba jambo ni la zamani na halina haja ya kuchokonolewa. Akatii. Kutii huko anakuita kosa lake la pili, na anasema ni kubwa kuliko la kwanza, kwa kuwa mara hii alikuwa anajua ukweli.

Alikwenda Tandale. Duka lilikuwa limeshakuwa la mtu mwingine, familia imehama, na majirani wapya hawakuwajua. Alikwenda tena mwaka uliofuata, na mwingine. Zile sura sita zilikataa kushika gundi, ndipo akazijaladi kwa kaki na kuziweka kwenye droo. Akatunga mistari mitatu. Baadaye alizikata mwenyewe sura za mwisho za vitabu vingine, ili kila msomaji apite kwenye swali ambalo yeye hakujiuliza. Mwaka huohuo wa 2013 aliiandikia bodi ya shule, na tangu Januari 2014 wahudumu, walinzi na wapishi wanaazima vitabu sawa na walimu. Mpishi wetu, Bwana Jamali, sasa ni wa pili shuleni kwa wingi wa vitabu alivyosoma, na maharage yameshaungua mara mbili kwa sababu hiyo.

Klabu yetu iliamua kumtafuta Hamdiya kabla ya Bi Marietha kuondoka. Tuliandika mpango wenye hatua tisa. Nilipokuwa nausoma nyumbani, shangazi yangu Manal, anayejua kila familia yenye duka kuanzia Tandale hadi Mbagala, aliniuliza natafuta nani. Nikamtajia. "Binti Sadallah? Si yuko Tandika, anauza vitambaa na vifungo," alisema. "Nyie na upelelezi wenu. Mngeniuliza mie."

Jumamosi mimi na shangazi tulikwenda. Duka ni dogo na safi, vifungo vimepangwa kwa rangi kwenye chupa za kioo. Nilimwamkia, nikajitambulisha, na nilipotaja Mnazipacha aliweka mkasi chini. Nilimweleza yote, kuhusu Mzee Leodegar na mfuko ule. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Kwa hiyo walijua tangu elfu mbili na kumi na tatu?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Baba alikufa elfu mbili na kumi na tano." Shangazi alimpa pole.

Nilimuuliza kama atakuja kwenye sherehe ya kuaga. Alisema haji. Nilimuuliza kama kuna neno la kumpelekea Madam. Mteja aliingia akitaka zipu, akamhudumia, akamrudishia chenji, ndipo akanijibu. "Bado sijamsamehe," alisema. "Ila msimwambie nimekataa." Halafu akauliza swali ambalo nililibeba njia nzima ya kurudi: "Paredi ile ilikuwa na watu mia sita. Nyie mtawaambia wangapi?"

Wiki iliyofuata nilimrudia na rasimu, kwa kuwa si haki kuandika habari za mtu bila yeye kuzisoma. Alisahihisha sehemu moja. Nilikuwa nimeandika kwamba aliacha shule. Alikata maneno hayo kwa kalamu. "Sikuacha," alisema. "Niliachishwa." Kabla sijaondoka nilimwachia namba ya simu ya Bi Marietha. Hakusema atapiga. Aliiandika kwenye kadi ya vifungo, akaitia kwenye droo ya mezani, wala hakuitupa.

Nilimpelekea Bi Marietha maneno yote kama yalivyosemwa, kwa sababu ndivyo alivyotufundisha, kutoficha ushahidi hata unaouma. Niliogopa nilipofika kwenye habari ya baba. Aliniomba nirudie. Nikarudia. Kisha akauliza, "Duka lake linakwenda?" Nikamwambia linakwenda, tulipokuwa pale waliingia wateja wanne. Akaitikia kwa kichwa, akavua miwani, akaifuta, na hakuivaa tena mpaka kengele ya kutoka ilipolia.

Kuhusu lile swali la Hamdiya: programu hii ya sherehe, yenye wasifu huu, imechapwa nakala mia nane. Mwalimu Editha ameruhusu pia aya inayofuata isomwe leo asubuhi mbele ya paredi, na Bi Marietha ameomba aisome mwenyewe.

Hamdiya Sadallah, mwanafunzi wa shule hii kuanzia mwaka 2007 hadi 2009, hakukata ukurasa hata mmoja wa kitabu chochote. Alishutumiwa bila ushahidi, aliadhibiwa bila kosa, na shule iliujua ukweli miaka kumi na miwili iliyopita ikanyamaza. Aliyemshutumu ni mimi, Marietha Mchopa. Hakuacha shule. Aliachishwa.

Nimefundishwa kwamba wasifu wa mstaafu huandikwa kwa furaha, na nilijaribu. Yako mengi ya kufurahia. Wapo wanasheria wawili, muuguzi mmoja na mwandishi wa habari za mahakamani waliopita kwenye meza zile na wote wanasema walijifunza hapo kuuliza mara ya pili. Wapo wanafunzi, mimi nikiwa mmoja wao, waliokuwa hawapendi kusoma mpaka walipoazimishwa kitabu kisicho na mwisho. Lakini Bi Marietha hakutaka kuagwa kama mtu asiyewahi kukosea, na nadhani hicho ndicho kitu kigumu kuliko vyote alivyotufundisha.

Jumatatu anapanda basi kwenda Newala kuishi na dada yake. Droo anamkabidhi mkutubi mpya, Bwana Talha, ambaye ameshaandika mistari yake mitatu ya kwanza na kukosea muuaji.

Madam, ahsante kwa miaka yote hii. Nenda salama. Tunakuombea afya njema, macho yasiyochoka upesi, mvua ya kutosha kwenye mikorosho ya dada yako, na siku moja, simu kutoka Tandika.

Maisa Abdulhadi, Kidato cha Tatu B
Katibu, Klabu ya Hadithi za Upelelezi