Niliwafungia Wanangu Ndani kwa Sababu ya Kafyu

Kina mama, na nyinyi wanaume wachache mnaojificha pale karibu na mlango, habari ya mchana. Mwenyekiti wenu ameniomba niongee kwa upole. Nimemwambia nitajaribu, lakini sikuahidi. Nimesikia kwamba hapa kwenu Mukuru kuna karatasi inazungushwa mkono kwa mkono, mtie sahihi, ili mtoto yeyote chini ya miaka kumi na minane awe ndani ifikapo saa kumi na mbili na nusu jioni, na mzazi wake awajibike asipokuwa ndani. Sisi kule Kayole tulikuwa na karatasi kama hiyo. Msinipigie makofi bado, kwa sababu ile yetu, mmoja wa walioiandika ni mimi.

Ndiyo. Nilikuwa kwenye kamati ya nyumba kumi, wale wazee na kina mama wanaosaidia chifu kulinda mtaa. Na sitawadanganya kwamba hapakuwa na shida. Tulikuwa tunaona watoto wa shule nyuma ya maghorofa wakivuta bangi na sare bado ziko mwilini. Msichana mmoja wa gredi ya nane alipotea siku tatu. Watu walikuwa na hofu, na mimi nilikuwa na hofu na mdomo pia. Siku ya baraza nikasimama nikasema kafyu bila aibu ni bure. Nikasema mtoto akipatikana nje, mzazi aletwe hapa mbele Jumamosi, amshike mtoto wake mkono, aseme kwa sauti: "Mimi ni mzazi mzembe." Watu wakapiga makofi. Chifu akasema, "Huyu mama ameongea." Nilienda nyumbani nikiwa nimevimba kichwa, ndugu zangu, nawaambia ukweli.

Mzazi wa kwanza kuletwa mbele alikuwa jirani yangu, tunakaa ploti moja, anauza sukuma wiki kwenye kona ya barabara. Binti yake alikuwa amepatikana saa moja kasorobo akirudi na karai la mboga zilizobaki. Alikuwa anamsaidia mama yake kufunga biashara! Yule mama akajaribu kueleza. Mimi ndiye nilimkata. Nilimwambia, "Hapa hatukuja kusikiliza hadithi. Sema yale maneno." Akayasema. Aliyasema akinitazama mimi, na sikujisikia vibaya hata kidogo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mimi ni kibarua wa kiwanda, hapa hapa Industrial Area, nafungasha sabuni. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri, naachiliwa saa kumi na mbili jioni, nafika Kayole saa mbili. Nina binti wa miaka kumi na miwili na mvulana wa miaka minne. Baba yao yuko hai, yuko Nairobi hii hii, na mkimwona mnisalimie. Mdogo nilikuwa namwacha kwa mama mmoja anayelea watoto wa watu, na binti yangu akitoka shule na masomo ya ziada anampitia, wanaenda nyumbani.

Jioni moja mdogo alikuwa na homa, akawa hataki kuamka. Binti yangu akangoja kidogo, kisha akambeba mgongoni. Wakakutana na wazee wa kamati saa kumi na mbili na dakika arobaini. Mzee aliyewakamata nimekaa naye mkutanoni mara ngapi sijui. Amekula chapati kwangu. Alijua hao ni watoto wangu na alijua mimi niko kazini. Binti yangu, ambaye humwita guka, yaani babu, akamwambia, "Guka, ni mimi, tunaenda tu hapo." Akamjibu, "Sheria ni sheria." Akawageuza, akawapeleka kwa ofisi ya chifu, wakakalishwa kwenye benchi, yule mdogo anachemka kwa homa, mpaka nilipowafuata saa mbili unusu.

Mnaniuliza nilimkasirikia mzee? Hapana. Ningemkasirikia yeye ningekuwa na akili. Nilimkasirikia mtoto. Nilimchapa binti yangu njia nzima, amembeba mdogo wake mgongoni, namchapa. Nilikuwa nawaza Jumamosi tu. Niliona vile watu watanicheka.

Na walinicheka. Jumamosi nikasimama mbele, nikamshika binti yangu mkono, nikasema mimi ni mzazi mzembe. Kuna mtu nyuma alipiga mluzi. Mama wa mboga alikuwa hapo pia. Yeye hakucheka. Aliinuka akaenda zake kabla sijamaliza, na mimi nikaona ananidharau.

Kutoka siku hiyo nikanyamaza na watu wote wa ploti. Salamu, hapana. Nilikuwa naamini kila mmoja amefurahi. Halafu likizo ya Agosti ikaingia, mdogo nikamtoa kwa yule mama mlezi abaki nyumbani na dada yake, na hapo ndipo nilifanya lile jambo lililonileta hapa.

Kwetu kwenye ploti, mama akienda kibarua na watoto wakibaki, kuna njia yake. Unafunga kwa kufuli ukitaka, lakini ufunguo unaachia jirani. Kila mtu anajua ufunguo wa nani uko kwa nani. Watoto wakitaka choo, jirani anafungua. Mimi ufunguo wangu siku zote ulikuwa unakaa kwa mama wa mboga. Lakini sasa ningempaje ufunguo mtu niliyemwaibisha, ambaye naye nadhani ananicheka? Nikaenda nao kazini.

Na mtaniuliza, kafyu ni ya jioni, kwa nini uwafungie tangu asubuhi? Kwa sababu jioni sipo! Hiyo ndiyo akili ya ile karatasi yetu. Iliandikwa kana kwamba kila nyumba ina mtu mzima ameketi saa kumi na mbili na nusu anangoja kuhesabu watoto. Mimi kama nataka mlango uwe umefungwa jioni, lazima niufunge alfajiri. Kwa hiyo niliufunga. Niliwaachia chai kwenye themosi, mkate, na ndoo ya kujisaidia kwenye kona nyuma ya pazia. Binti wa miaka kumi na miwili, ameshaanza kuwa mkubwa, namwachia ndoo mbele ya mdogo wake. Aliniambia, "Mama, tafadhali, acha tu ufunguo na mtu." Nikamwambia anyamaze. Siku nane niliwafungia hivyo. Nasikia mama mmoja hapo mbele anaguna. Guna, mama yangu. Guna vizuri. Mimi pia ningeguna.

Siku ya tisa kulikuwa na baridi ile ya Agosti isiyo na jua. Saa saba mchana mdogo akaanza kutetemeka. Nilikuwa nimewakataza kugusa jiko, lakini binti yangu alimwona mdogo wake anatetemeka, akawasha makaa, akaliweka jiko karibu na kitanda. Upepo ulikuwa unaingia dirishani, akalifunga, akaziba ule ufa kwa kitambaa. Alifanya yale mama angefanya kumpasha mtoto joto, isipokuwa mama angefungua mlango.

Mdogo akalala. Baadaye dada akamwita, hakuitika. Yeye mwenyewe kichwa kinamzunguka, miguu haina nguvu. Akachukua mwiko akaanza kugonga mlango.

Mama wa mboga alikuwa amerudi kuchukua magunia. Akasikia. Akaja mlangoni, "Nani huyo? Ufunguo uko wapi?" Binti yangu akamwambia, "Mama ameenda nao." Akanipigia simu. Akapiga tena na tena. Simu yangu ilikuwa kwenye katoni pale getini kwa soja, kwa sababu kiwandani kwetu kibarua haingii na simu. Ikalia humo na za wenzangu. Yule mama hakungoja. Alikimbia kwa fundi wa viatu pale nje, akanyakua nyundo yake, akapiga ile kufuli, haikukatika, akapiga bawaba mpaka ubao ukapasuka. Akamtoa mwanangu akiwa amelegea, midomo imebadilika rangi, akamfunga mgongoni kwa leso yake na kukimbia naye hadi kliniki, na binti yangu nyuma anaanguka anaamka. Daktari aliniambia baadaye kwamba kwa moshi wa makaa dakika chache zaidi zingekuwa nyingi mno.

Mimi nilikuwa nafungasha sabuni. Nilikuwa hata nimetulia, najisemea angalau leo watoto wangu wako salama.

Nilipofika kliniki, mdogo alikuwa amewekewa oksijeni. Dada yake aliponiona alisogea upande wa mama wa mboga, akamshika nguo. Nilipiga magoti mbele ya yule mama pale koridoni. Unajua alinifanyia nini? Alinivuta mkono, kwa hasira, akasema: "Amka. Amka hapo. Hukunitukania koridoni. Ulinitukania kwa baraza, watu wote wakiskia. Kama uko na msamaha wa kuomba, utauombea huko huko." Kisha akanipa kikombe cha chai aliyokuwa amenunua, akaketi na mimi.

Ndugu zangu, hayo maneno ndiyo yaliyoniamsha. Nilikuwa nimejiandaa kulia tu na kuonewa huruma. Yeye alinipa kazi.

Jumamosi nikaenda. Niliitwa pia, maana chifu alikuwa amesikia, na wazee walitaka niseme yale maneno mara ya pili. Nikasimama. Nikasema, "Kwanza, mama huyu hapa nilimkosea mbele yenu. Binti yake alikuwa anafanya kazi, na mimi nilimnyima hata nafasi ya kujieleza. Naomba anisamehe." Akatikisa kichwa kukubali. Nikasema, "La pili, mnataka niseme mimi ni mzembe. Sawa, niandikeni. Niliwafungia watoto wangu, karibu wafe, na hakuna aliyenishika mkono nifunge ile kufuli. Lakini kabla sijaketi, naomba kila mzazi hapa ambaye saa kumi na mbili na nusu hajafika nyumbani, asimame."

Kisha mama mmoja wa mtumba akasimama. Fundi wa ujenzi akasimama. Halafu wakaanza kusimama kwa makundi, viti vinalia. Wanakamati wawili walisimama. Chifu akasema, "Mama, tulia kidogo." Nikamwambia, "Mkubwa, sitatulia. Tangu hii kafyu ianze nimeona kina mama tu wakiletwa hapa mbele. Umewahi kumwita baba mmoja? Hata mmoja? Hawa watoto tuliwazaa na nani?" Wanaume wengine wakaanza kutazama viatu vyao. Yule mzee aliyewakamata wanangu alikuwa amesimama pamoja na wengine, kwa sababu mkwe wake na binti yake wote wako kibarua, na wajukuu anawaangalia yeye akitoka kulinda geti la watu usiku kucha; saa ile ya kafyu wako peke yao, yeye yuko nje na kamati. Aliniambia mbele ya watu, "Nilikosea, mama. Mtoto alikuwa mgonjwa na nilimwona." Sikutarajia. Hasira yangu haikuisha, lakini ilipungua kidogo.

Hatukuifuta kafyu. Msije mkaenda kusema nimekuja kuwaambia watoto wazurure. Lakini tuliibadilisha. Hakuna tena kusimamishwa mbele. Mtoto akipatikana nje, aliyempata anamsindikiza mpaka mlangoni, na kama hakuna mtu nyumbani, anakaa naye mpaka mtu afike. Mngeona vile wazee walivyoacha kukamata ovyo! Kanisa moja lilitupa chumba cha watoto wadogo, kinakaa wazi mpaka saa mbili na nusu, na wazazi walio karibu wanashika zamu. Kina baba pia wameandikwa. Mmoja ni fundi wa viatu, mwenye ile nyundo, na watoto wanampenda kuliko sisi wote.

Namshukuru Mungu kwa uhai wa mwanangu. Nawashukuru manesi wa kliniki ile ambao hawakunitukana, ingawa nilistahili. Yule mzee pia namshukuru. Na mama wa mboga nimekuja naye leo, yuko hapa ndani, amenikataza kumtaja na nimemtii, kwa sababu huyo simkosei tena.

Karatasi ikiwafikia, msiikimbie na msiitie sahihi kwa haraka. Ulizeni kwanza nani atakuwa na mtoto hiyo saa mnayoiandika. Kama jibu ni kufuli, irudisheni kwa mwenyewe aiandike upya. Na wewe mzazi, mimi nawe tusidanganyane. Kuwajibika si kuogopa watu watasema nini Jumamosi. Mimi niliogopa watu kuliko nilivyowaogopea watoto wangu, na nikaita hiyo malezi.

Mnaniuliza niko sawa sasa? Mdogo ni mzima, anakimbia, hakumbuki kitu. Dada yake anakumbuka yote. Anaongea na mimi, tunacheka, ananisuka nywele Jumapili. Mwezi uliopita, tukiwa tunapika, nikajipa moyo nikamwuliza kama ameshanisamehe. Hakugeuka. Akaendelea kukoroga, kisha akasema, "Bado, Mama. Lakini najaribu."

Namngoja. Asanteni.