Mgongo wa Fundi na Visanduku Viwili

Fomu ya Ridhaa ya Mgonjwa, Toleo Lililorekebishwa, Sehemu ya Tatu: Weka Alama ya Vema Katika Kisanduku Kimoja Tu. Visanduku vilikuwa viwili, kuendelea na dawa au kupasuliwa mgongo, na fomu ilitakiwa hospitalini kesho saa mbili asubuhi. Fundi cherehani, ambaye mgongo ulikuwa umemkunja kama ndoano kwa miaka sita, aliileta kijiweni, kwenye benchi lililo mbele ya kibanda chake, akaitandaza magotini kama kitambaa kinachosubiri mkasi. Mama Birika akamimina kahawa. Tela, aliyeendesha malori mpaka malori yakamchoka, akasogea. Karani, mstaafu wa masjala, akavaa miwani.

— Soma kwa sauti, Fundi, alisema Karani. Waraka usiposomwa haujaingia.

— Hauna maneno mengi. Daktari kasema dawa za miezi mitatu zimeshindwa, nichague. Nikipasuliwa nalala wiki sita. Na kisu kikiteleza kidogo tu, hii miguu haikanyagi tena cherehani.

Alisema akicheka, lakini mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga hewa.

— Kapasuliwe, ndugu yangu, alisema Tela. Mgongo ni chesisi. Chesisi ikipinda huipaki mafuta, unaipeleka gereji.

— Na ikishachomelewa? alidakia Karani. Ofisini kwetu mtu alinyooshwa mgongo akatoka kaongezeka inchi mbili. Kitambulisho kinasema futi tano na inchi nne. Watu wa pensheni wakamkana! Mwaka mzima anatembea na barua ya kuthibitisha kwamba huyu mrefu ndiye yule mfupi.

— Suruali je? aliuliza Fundi, maana kazi ni kazi.

— Zilimwishia hapa, alisema Karani akigusa muundi wake.

— Afadhali suruali, alisema Tela. Wanatia skrubu humo. Jirani yangu anazo nne. Akikaa karibu na redio, inashika stesheni za nje.

— Basi atapata habari, alisema Mama Birika. Mimi vidonge ndivyo sivielewi. Unameza kwa mbele, maumivu yako nyuma. Vinajuaje pa kukata kona?

— Ndiyo maana mimi nameza nimelala chali, alisema Tela. Vinateremka vyenyewe.

— Kwa goti ni kusimama, alisema Karani. Goti la kulia, unasimama kwa mguu wa kulia. Mimi napata nafuu kabisa.

— Acheni uongo, Mama Birika aliwakatiza. Bega langu limepona nimekaa hapa hapa.

Karani akagonga benchi, akaitisha kura. Kupasuliwa kukapata mbili, dawa moja. Fundi hakuruhusiwa kupiga, kwa kuwa alikuwa na maslahi binafsi katika jambo hilo. Kabla hajafungua mdomo, Karani alikwisha kutia saini penye nafasi ya shahidi, akapiga na mstari chini yake.

Pembeni alikuwa amesimama dada mmoja, mgeni mtaani, aliyefuata gauni lake. Alikuwa amesikiliza yote.

— Shikamooni, wazee wangu. Samahani. Hivyo vidonge vya miezi mitatu, fundi mwenyewe alimeza vingapi?

Tela aliangalia kandambili zake kama aliyesikia pancha. Karani alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Mama Birika alitikisa birika, nalo lilikuwa tupu.

Fundi aligeuza shingo taratibu kuelekea rafu ya kibanda, lilipokaa kopo la vifungo alimohifadhi dawa, mahali pa kufikiwa na mkono wa yeyote aliyekaa benchini. Adabu ya kijiwe ilikuwa hiyo: humezi dawa peke yako mbele ya watu wanaougua. Anayesema aah kwa maumivu, anakaribishwa kidonge.

— Fundi, alisema Karani kwa sauti ndogo, ile saini yangu inafutika?

Asubuhi Fundi aliirudisha fomu, visanduku vyote viwili vitupu, na kwa nyuma maelezo mafupi kwa mwandiko safi wa masjala. Daktari aliyasoma mara mbili, akauweka upasuaji kando, akamwandikia dawa zile zile upya.

Maelezo yalisema: Vidonge vilikuwa tisini. Mgonjwa alimeza kumi na vinne.