Nani Kabaki na Mashine?

Benchi la Mama Kahawa lina miguu mitatu na tofali moja, na kila alasiri linabeba wanaume watatu na maneno ya watu mia. Yupo Mzee Kufuli, askari jela mstaafu. Yupo Antena, fundi redio asiyeshindwa kueleza jambo lolote, hata asilolijua. Na Wembe, kinyozi wa kona ya pili. Siku hiyo Mama Kahawa alimimina kahawa huku ametega sikio. Mdogo wake, mtu mzima aliyemlea tangu mama yao afariki, aliiba mashine za kunyolea kwa Wembe, akapewa kifungo cha nje: alale nyumbani, aripoti kwa afisa, na afanye kazi palepale alipoiba. Kesho hakimu atamuuliza Wembe: aendelee hivyo, au aingie ndani?

— Aingie ndani, alisema Wembe. Mwizi ni mwizi.

— Sawasawa! Kufuli akadakia. Jela inanyoosha mtu. Samaki mkunje angali mbichi!

— Sasa mzee, mnakunja au mnanyoosha?

— Vyote, Antena. Kuna mmoja nilimnyoosha, akatoka, akarudi. Nikamnyoosha tena. Mpaka tukawa tunaulizana habari za watoto.

— Hukumnyoosha huyo, ulimzoea. Tatizo la jela ni kuta. Zinarudisha sauti. Mmoja akisimulia alivyovunja mlango, wenzake wanasikia mara mbili. Wanatoka wamefuzu! Jela ijengwe kwa nyavu, wizi utakwisha.

— Na kifungo cha nje? akauliza Kufuli.

— Kibaya zaidi. Mtaa mzima unakukodolea macho. Macho yana mawimbi, bwana. Yakizidi, kichwa kinashika stesheni nyingine.

— Ndiyo maana nasema jela, Wembe akakazia. Haba na haba hujaza kibaba!

— Kibaba cha nini? akauliza Antena.

— Cha... cha wezi. Wajazwe humo.

Mama Kahawa akaweka birika chini.

— Wembe, vitambaa vyako vya shingoni nani anavifua siku hizi?

— Yeye, mdogo wako.

— Na kuvipiga pasi? Nani alimtuma?

— Hakuna aliyemtuma.

— Mama, usimtetee ndugu yako, alisema Kufuli. Damu nzito kuliko maji. Na kahawa yako leo nyepesi.

Hapo akatokea mpita njia mwenye begi begani, kichwa kimetoka kunyolewa kinang'aa. Akaomba kikombe.

— Mna kinyozi hapa, jamani! Mkono mwepesi!

— Ndiye huyu, Antena akamwonyesha Wembe.

Mgeni akamtazama Wembe, akatazama kona ya pili.

— Basi yule aliyeninyoa sasa hivi, mwenye funguo za duka kiunoni, ni nani?

Wembe akajipapasa kiunoni. Funguo alimpa mwenyewe asubuhi, kama alivyompa jana na juzi, bila hata kufikiri.

— Maisha yangu yote kazini, Kufuli akasema taratibu, sikuwahi kumwachia mfungwa funguo.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akanong'ona Antena, na safari hii methali ilikaa mahali pake.

Mama Kahawa alijisikia mrefu kuliko benchi, birika na mtaa mzima.

— Ni mdogo wangu, alimjibu mgeni. Mimi ndiye niliyemlea.

Kahawa ilibaki kikombe kimoja. Kufuli akanyoosha mkono, Wembe akamzuia.

— Hicho cha kinyozi wangu. Nampelekea mwenyewe.