Mwalimu Eddah Nyamvula Mwarandu na Watoto Arobaini na Tisa

Ndugu, majirani na marafiki mliokusanyika, tunayemsindikiza leo, Jumamosi tarehe 16 Agosti 2025, alizaliwa Rabai siku ya Jumatano, tarehe 14 Machi 1973, mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu Mzee Mwarandu Kaviha na Mama Judy Mweri, na umri wake duniani ulikuwa miaka hamsini na miwili, miezi minne na siku ishirini na sita.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1980, akamaliza la nane mwaka 1987 na kidato cha nne mwaka 1991, akasomea ualimu Shanzu hadi mwaka 1994, na Januari 1995 akapelekwa katika shule ya msingi iliyo nyuma ya uwanja wa ndege, Changamwe, ambako hakuhama tena.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Bwana Kiponda Munga, karani wa bandarini, wakajaliwa watoto watatu, Judy, Munga na Fancy.

Kwa miaka ishirini na minane marehemu alisifiwa kwa jinsi darasa lake lilivyosoma kwa sauti moja, yeye akigonga ubao kwa kijiti na watoto wakiitikia kama kwaya, hata Alhamisi tarehe 9 Februari 2023, ndege ilipopita chini naye akanyamaza kungoja ngurumo ziishe, kama ilivyo desturi ya shule ile. Upepo ukafunua kurasa za kitabu cha Swabra, mtoto wa dawati la mbele, na Swabra akaendelea, kidole juu ya picha ya ng'ombe, akisoma habari za sokoni bila kukosa neno. Marehemu alisimulia kwamba hapo ndipo alipojua kuwa mtoto hasomi, amekariri.

Wiki iliyofuata aliwaita watoto wote sitini na wanane wa darasa lake la Gredi ya nne, mmoja mmoja, akawapa aya ya Gredi ya pili na hesabu ya kutoa kumi na saba katika arobaini na tatu. Kumi na tisa waliweza kusoma na kukokotoa. Arobaini na tisa hawakuweza, ilhali wote walikuwa na ripoti nzuri zenye sahihi yake.

Alikwenda kwa kaka yake mkubwa, ambaye kazi yake ilikuwa takwimu, akamuuliza, "Kaka, ikiwa miaka yote ilikuwa hivi, nimewapitisha wangapi?" Kaka alizidisha miaka ishirini na minane kwa wastani wa watoto hamsini na wawili, akachukua fungu lile lile la arobaini na tisa kwa kila sitini na wanane, akamjibu: elfu moja na arobaini na tisa. Hadi leo anajuta kwamba alijibu upesi.

Tangu hapo hofu haikumtoka. Alihofia kushtakiwa, alihofia kukutana njiani na kijana mzima aliyewahi kufundishwa naye, na mwenzake, Mwalimu Mwanatabu, alimwonya, "Eddah mwenzangu, ukiitoa karatasi hiyo ya matokeo wataanza na wewe, kisha watufuate sisi." Aliitoa. Katika mkutano wa wazazi wa tarehe 17 Machi alisoma idadi ile ya watoto arobaini na tisa, na mzazi mmoja, Bwana Luqman, akasimama na kusema, "Wallahi mwalimu, ripoti ya mwanangu si uliiandika wewe?" Marehemu akajibu, "Ndiyo baba, niliandika mimi. Nipe nafasi nimfundishe."

Akaacha kijiti. Kila asubuhi saa moja na nusu aliwapanga watoto kwa kiwango cha wanachokijua, wawe wa gredi yoyote, wa herufi pamoja na wa herufi, wa silabi pamoja na wa silabi, na hesabu wakazifanya kwa mafungu ya njiti kumi kumi, kila mtoto akijibu peke yake. Kufikia Aprili mwaka huu, arobaini na wawili kati ya wale arobaini na tisa walikuwa wakisoma.

Maumivu ya tumbo yalianza Februari, akayaficha, akihofia kwamba akilazwa watoto waliobaki watarudi kwenye kuimba. Mwezi Mei madaktari walikuta saratani ya kongosho. Wodini hakuuliza dawa wala siku zake. Kila aliyeingia alimtajia majina ya wale saba ambao bado hawakujua kusoma, akimuuliza nani ameketi nao asubuhi hiyo, na wengi wetu tulimdanganya. Alifariki Jumamosi tarehe 9 Agosti, saa nne asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Changamwe waliopika na kukesha nasi, wafanyakazi wenza wa Bwana Kiponda, na walimu wote, hasa Mwalimu Mwanatabu aliyemwogesha na kumlisha hadi mwisho.

Shule itafunguliwa Jumatatu tarehe 25, na watoto wale saba wako Gredi ya sita, mtihani ni Oktoba. Tumewauliza walimu mmoja mmoja, na mpaka historia hii inaandikwa hakuna aliyekubali kuwafundisha saa ile ya asubuhi.

Pumzika kwa amani, Nyamvula. Sisi bado hatujaipata.