Nilipoiamuru Simu Iondoe Salamu

Assalaam aleikum, dada zangu na kaka zangu. Na nyinyi wenzetu wa kanisani, Bwana asifiwe. Loo, mwaitika kama mmefunga! Najua mwenyekiti amenipa nafasi kabla ya chai na macho yenu yako jikoni. Vumilieni kidogo, nitasema yaliyo moyoni kisha nitakaa.

Tumekubaliana leo kwamba chama chetu kimwite mwalimu atufundishe kutumia akili mnemba kwenye biashara zetu. Nusu yenu mwaiogopa. Nusu nyingine mwadhani itawauzia nyanya mkiwa mmelala. Katibu ndiye aliyesema, "Mwulizeni yule wa mabango, yeye ameitumia." Ni kweli, nimeitumia, na nusura nifunge duka kwa ajili yake. Majina ya watu sitayataja, kwa hivyo msianze kukonyezana huko nyuma.

Kazi yangu mwaijua. Kadi za harusi, mabango ya maduka, lebo za chupa za asali. Watu hudhani kazi hii ni kuchora. Kuchora ni baadaye, ndugu zangu. Kwanza ni kumsikiliza mteja mpaka ujue ataka nini, na wateja wa hapa Voi mwawajua, maana ni nyinyi. Hakuna aingiaye akasema nataka hiki na hiki. "We fanya tu vizuri, si unajua." Sijui! Ataanza na mvua, aende kwa mkwe wake, apitie kwa mbuzi wake mgonjwa, na lile bango atalitaja akiwa mlangoni anatoka. Na wa mbali ndio kabisa, hao hunitumia ujumbe wa sauti mrefu mpaka chai yapoa mkononi.

Basi nilipoonyeshwa ile programu ya simu, nikaona Mola amenihurumia. Waipa sauti ya mteja, nayo yaiandika yote, kisha yakupa ukurasa mmoja msafi: mteja ni nani, ataka nini, rangi gani, kazi yake itatazamwa na nani. Pale ambapo mteja hakusema, yapendekeza yenyewe. Mara ya kwanza niliijaribu na kadi ya harusi ya watu wa Bura. Mama ya bwana harusi alikuja dukani akapiga vigelegele mpaka jirani yangu wa duka la spea za magari akatoka kutazama. Kichwa kikanivimba, nawaambia ukweli. Nikajiona nimefika.

Ndipo nikaiamuru jambo moja. Nikaiandikia: kila ujumbe ukiingia, ondoa salamu na habari za nyumbani, nipe kazi peke yake. Pakikosekana kitu, jaza wewe. Ikatii. Toka siku hiyo sikusikiliza tena sauti ya mteja. Nilikuwa nasoma ule ukurasa, nachora, nachapa, haya, mwengine.

Sasa wakaja akina mama wa Kasigau. Ni kikundi cha wasusi wa vikapu vya mkonge, hodari kweli. Walikuwa wamepata bahati ya kutembelewa na wanunuzi kutoka Nairobi, watu wanaopeleka vikapu ng'ambo. Wanunuzi hao walikuwa wanazunguka kwenye vikundi vingi, na si kila kikundi kingechukuliwa. Kwa hivyo akina mama wakataka bango la kutundika siku hiyo, na lebo za kufunga kwenye vikapu. Mwenyekiti wao akanitumia ujumbe wa sauti, mrefu. Nikaitupia programu.

Ukurasa ukaja umenyooka. Kikundi cha wanawake, vikapu vya mkonge, wageni kutoka Nairobi, rangi za udongo. Kisha chini: "Picha iliyopendekezwa: ndovu, fahari ya Kasigau, ishara ya nguvu na umoja." Walahi niliipenda! Nilichora ndovu mkubwa, pembe zake ndefu, masikio yamefunguka, kama anakujia hivi. Nikamtumia mwenyekiti picha aione. Mtandao wa kule mwaujua; alama ya kwamba imefika sikuiona. Nikasema, ah, ataiona mbele ya wenzake, atafurahi zaidi. Nikachapa.

Siku moja kabla ya wageni nikakodi gari, nikaipeleka kazi mwenyewe, ndio nipokee sifa zangu mkononi. Tuliiacha lami, tukapigwa na ile barabara mpaka viungo vikalegea. Nikawakuta akina mama kwenye ukumbi wa kanisa, wanapanga vikapu juu ya mabenchi, wanaimba. Wakanipokea kwa furaha. Nikasema, "Hebu nishikieni huku na huku." Wawili wakashika bango, tukalikunjua.

Nyimbo zikakatika.

Nilidhani wameshangazwa na uzuri. Nikawa natabasamu kama mjinga. Kisha mama mmoja aliyekuwa amekaa karibu na dirisha, na kikapu mapajani, akainuka. Alikiweka kikapu benchini polepole, akatoka nje, na mwenzake akamfuata. Wale wawili walioshika bango wakaliachia, likaanguka sakafuni.

Mwenyekiti akanijia. Ni mama mtu mzima, mpole, lakini siku hiyo uso ameukunja. "Mwanetu," akasema, "hii mnyama umetuletea ya nini?"

"Mama, si ndio fahari yenu? Si mwakaa nayo hapa?"

"Nilikwambia."

"Hukuniambia, mama." Na mimi nikapandisha, maana mwanijua, ulimi wangu hauna breki. "Ujumbe wako niko nao hapa kwenye simu. Hakuna mahali umekataza ndovu."

"Basi iweke tusikie sote."

Nikaiweka. Nilikuwa na hakika, ndugu zangu! Nikaongeza na sauti. Sauti ya yule mama ikaanza: hujambo mwanetu, watoto hawajambo, mama yako anaendeleaje na miguu. Kisha ikasema hivi, nayasikia mpaka leo: "Sisi huku tuko, tunashukuru Mungu, lakini tuko na huzuni. Tumezika juzi. Bwana ya mwenzetu alikuwa analinda mahindi, ndovu ikamwua hapo hapo shambani. Ndio maana ukiona tumechelewa kukutafuta, usikasirike." Halafu ndio akaanza habari ya vikapu.

Sauti ikaendelea, mimi siisikii tena. Ile habari ilikuwa ndani ya salamu, mahali pake pa haki, pale ambapo mtu wa kwetu huweka msiba wake kabla hajakuomba kitu. Na mimi ndiye niliyesema ziondolewe. Programu haikukosea, ilinitii. Ikaukata msiba wa mtu, ikajaza pengo kwa mnyama yule yule aliyemwua mumewe. Niliona aibu ambayo sijapata kuiona maishani. Nilitamani ardhi ipasuke niingie.

Akina mama wakalipuka. Mmoja akaniambia, "Chukua kitambaa chako urudi Voi!" Mwengine akasema kesho wageni wakija watakuta nini, ukuta mtupu? Mwengine akamgeukia mwenyekiti, akamlaumu kwa kutafuta mtu wa mjini. Hata kikundi chenyewe kikaanza kupasuka mbele yangu. Dereva akanifanyia ishara mlangoni: twende zetu, mama, mambo yameharibika. Na nawaambia, miguu ilitaka kwenda. Kama ningepanda lile gari, leo nisingekuwa nafanya kazi hii.

Nikatoka, ila si kwenda garini. Yule mama aliyetoka, ndiye mjane mwenyewe, alikuwa amekaa kwenye ngazi ya nyuma. Nikakaa ngazi ya chini yake. Nikamwambia, "Mama, pole. Sikujua, na ningejua kama ningesikiliza." Machozi yakanitoka.

Nilingoja anitukane, kwa kweli nilitaka anitukane. Mwishowe akaniuliza, "Wageni kesho wanakuja ama hawakuji?"

"Wanakuja, mama."

"Sasa unalia nini hapa? Mahindi yote imeisha. Niko na watoto. Mimi nataka hiyo kikapu yangu inunuliwe." Akajipangusa uso kwa leso. "Ingia ndani, fanya kazi. Na hii saa uulize."

Hapo, ndugu zangu, ndipo nilipoinuka. Nimehubiriwa sana maishani, msikitini na nyumbani, lakini sijaambiwa neno likanisimamisha kama lile.

Nikarudi ndani. Nikasema, mama zangu, nimekosa, nitusini baadaye, saa hii nisaidieni. Tukaligeuza lile bango, nyuma yake ni jeupe. Kulikuwa na rangi imebaki ya milango ya kanisa, nyekundu na nyeusi, na burashi moja mbovu. Nikaketi chini nikauliza. Mwataka mgeni akiingia aone nini kwanza? Wakabishana, ee, walibishana! Mmoja ataka mlima, mwengine ataka mkono unasuka. Nikawaacha wamalize. Kila nilichokielewa nilikisema kwa sauti: "Mwataka mistari ile ile iliyo kwenye vikapu, na jina la kikundi juu. Nimeelewa?" "Hapana, jina chini!" Nikirudia, wananirekebisha, nikirudia, wananirekebisha. Mpaka wakasema kwa pamoja, "Hapo sasa." Ndipo nikachovya burashi. Lebo tukazikata kwenye maboksi ya sabuni, kila msusi akaandikiwa jina lake. Mjane alirudi akakaa pale pale dirishani, akaendelea kufunga mkanda wa kikapu chake. Hakunitazama, na mimi sikumsumbua.

Wageni walifika asubuhi. Na mwataka kujua walisema nini kuhusu bango? Hawakulitazama! Cheka tu, mwenyekiti, cheka. Waliingia moja kwa moja kwenye vikapu, wanavipindua, wanavuta mikanda, wanahesabu nyuzi kwa kucha. Kimoja pembeni, kimoja kinarudi benchini. Pembeni, benchini. Walipofika kwenye cha mjane, mgeni aliyekuwa akivipindua akakivuta mkanda mara mbili, akakisogeza kwenye mwanga. Mimi nilifumba macho. Nilipofumbua, kilikuwa pembeni pamoja na vilivyochukuliwa. Vingine vingi vilirudi, siwadanganyi, lakini walichukua vya kutosha na wakaagiza vingine.

Habari ilinitangulia kufika Voi, kama kawaida yenu. Kwa muda mrefu kila aliyeingia dukani alikuwa ananiambia, "Usinitilie ndovu, tafadhali." Wengine hawakuja tena. Nilikaa nikitazama barabara, nikawaza kurudi kuuza leso na dada yangu. Ila nilijiambia, kazi nitaifanya kama nilivyoifanya kule ukumbini, hata mteja awe mmoja.

Na bado naitumia ile programu, msije mkasema nimewakataza. Ila naisikiliza sauti ya mteja mwanzo mpaka mwisho, na miguu ya mama na mbuzi mgonjwa ndani yake. Kisha naiambia programu: niandikie maswali ya kumwuliza, usinipe majibu. Mahali ambapo mteja hakusema, paache wazi. Halafu nampigia mteja, namsomea nilivyoelewa, neno kwa neno. Akisema "hapo sasa", nachora. Asiposema, sichori, hata kama ana haraka ya harusi. Kwa hivyo mwiteni huyo mwalimu, na mimi nitakaa benchi la mbele. Mkumbuke tu kwamba itakata mtakachoiambia ikate, na mteja atakuja kuwauliza nyinyi.

Nawashukuru akina mama wa Kasigau, ambao hawakunifukuza ingawa walikuwa na haki. Namshukuru dereva wangu, alinung'unika usiku kucha lakini hakuniacha. Nanyi wa chama hiki mlioendelea kuniletea kazi wakati mji unanicheka, Mungu awalipe.

Nimalizie na hili. Juzi juzi yule mjane aliingia dukani kwangu, amekuja mjini kwa mambo yake. Alikuwa na picha ya mumewe, ndogo, ya kitambulisho, ameifunga ndani ya leso. Ataka ikuzwe, iwekwe maneno, kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu. Nilishindwa kujizuia. Nikamwuliza, "Mama, Voi imejaa wanaofanya kazi hii, na mimi ndiye niliyekuumiza. Kwa nini umekuja kwangu?"

Akaifungua ile leso, akaiweka picha mezani.

"Kwa wengine," akasema, "ningeanza tena kueleza vile alikufa."