Kete ya Baba Nduta

Nyuma ya kibanda cha Okeyo, fundi redio wa hapa Kapsoya, kuna benchi. Hapo ndipo ninapouza kahawa tangu shule yetu ilipochomwa, nikaishia kidato cha pili. Wateja wangu hucheza ludo. Jumanne hiyo mchezo ulikwama. Kimutai wa bodaboda, tunayemwita Waziri, alirusha dadu ikaleta nne, na nne ilimpeleka juu kabisa ya kete ya Baba Nduta. Sheria inajulikana: ukimwangukia mtu umemla, kete yake inatolewa njiani, inarudi kuanza upya. Lakini Baba Nduta, fundi viatu, alikuwa ndio tu amerudi kutoka kambini, alikokimbilia nyumba yake ilipoteketezwa baada ya uchaguzi. Zamani tulimwita Spika kwa sababu ya mdomo wake. Siku hizi anasema asante na pole, basi.

— Hiyo nne haihesabiki, Kimutai alisema. Dadu imegonga kikombe.

— Haijagonga, akasema Wabuge wa mahindi, ambaye ni Hakimu wetu. Lakini ludo ya kisasa ni dadu mbili. Unarusha zote, unachagua moja. Rusha ingine.

Kimutai akarusha. Nne tena.

— Basi tujumlishe, Okeyo akasema. Nane, unampita. Umoja ni nguvu.

— Nane inaniangusha kwako, Okeyo.

— Unile tu. Mimi sina shida.

Baba Nduta aliinamia kikombe chake.

— Hapana, akasema Hakimu. Kila mmoja arushe yake, mwenye kubwa abaki pale. Kama vita.

Hakimu akakohoa.

— Si vita, Okeyo akasema haraka. Tuipe kila namba kazi. Moja ni kulala. Mbili ni kwenda soko. Tatu ni kuuguza ng'ombe.

— Na nne? akauliza Hakimu.

— Nne ni chai kwa jirani. Waziri amemtembelea Baba Nduta, wamekunywa, kila mtu abaki mahali pake. Haba na haba hujaza kibaba.

— Sasa kibaba kimeingiaje hapo?

— Cha maziwa, Hakimu. Ya chai.

— Ni sawa, alisema Baba Nduta. Asanteni.

Mama Tryphosa, aliyehamia mtaani juzi, alikuwa amesimama kando akingoja redio yake.

— Hiyo sheria ya chai, akauliza, ni ya kila mtu, ama ni ya huyu mzee peke yake?

Okeyo alianza kutafuta redio iliyokuwa mbele ya macho yake. Hakimu akaniomba sukari, na kahawa yake ilikuwa imeisha.

Kimutai alimtazama Baba Nduta. Kisha akachukua kete yake, akaisogeza polepole, moja, mbili, tatu, nne. Akaitoa ile ya Baba Nduta, akamwekea mwenyewe mkononi.

Baba Nduta akaiangalia.

— Waziri wewe ni fisi, akasema. Hii ludo nani alikufundisha, si ni mimi? Ulikuwa hata kuhesabu hujui, unahesabu hata pale kete imesimama. Lete hiyo dadu.

Akaongea hadi birika langu likakauka.