Spika wa Stesheni na Shauri la Sigara

Wapendwa mliotuzunguka tangu juzi, kabla hatujamshusha ndugu yetu, familia imenituma mimi, mdogo wake tuliyenyonya naye ziwa moja, niwasomee alivyoishi, na shemeji yangu, mjane wake, amenionya mbele ya watoto kwamba nisipambe, nisipunguze, wala nisisome mbiombio kama mtu anayewahi chakula.

Marehemu, ambaye karibu nyote mlimjua kwa jina la Spika, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, zile za vyumba viwili viwili vilivyopangwa kwa safu, akiwa mtoto wa tatu wa baba aliyekuwa fundi wa mataruma na mama aliyekuwa mshonaji, na mama yetu alikuwa akisimulia huku akicheka kwamba mtoto yule alipolia mara ya kwanza, jirani aligonga ukuta akiuliza kuna mgeni gani wa kiume mle ndani, maana kilio kilikuwa kizito kama cha mtu mzima mwenye madai yake.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1965 hadi 1971, na darasani hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, lakini mwalimu mkuu ndiye aliyekuwa akimsimamisha kila Jumatatu kusoma matangazo, kwa sababu akisoma yeye hata waliochelewa wakiwa bado getini walisikia kila neno, tena bila yeye kupaza sauti, kisha akaendelea na sekondari kwa miaka miwili, akaacha mwaka 1973 baba alipovunjika nyonga kazini na nyumba ikahitaji mkono mwingine.

Mwezi Januari mwaka 1976 aliajiriwa stesheni kama mpagazi, akabeba mizigo ya watu hadi tarehe 9 Agosti 1977, siku ambayo mtangazaji aliyekuwepo hakutokea, treni mbili zikakaribia kwa pamoja, na mkuu wa stesheni, baada ya kuzunguka huku na huku, akamshika bega akamwambia, "Wewe unayesikika hata ukinong'ona, panda juu, soma kilichoandikwa, usiongeze la kwako," naye akapanda akasoma, abiria wakaokota mizigo yao wakaelekea walikoambiwa, na tangu siku hiyo hakubeba tena mzigo wa mtu, akawa mtangazaji kwa miaka thelathini na mitano, akiitwa Spika kwa ajili ya vile vipaza sauti vilivyofungwa kwenye nguzo, jina ambalo lilimponza mara moja pale mzee mmoja mgeni alipopanda ngazi na shauri lake la mpaka wa shamba, akidhani amefika kwa Spika wa bunge, ndugu yetu akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamwambia kwa heshima zote kwamba bunge lilikuwa kituo kinachofuata.

Chumba cha kutangazia kilikuwa na dirisha moja linalotazama reli, meza, kipaza sauti, saa ya ukutani, na kopo la maziwa lililogeuzwa kuwa la majivu, na humo ndimo alimovuta sigara yake ya kwanza akiwa na umri wa miaka ishirini, aliyopewa na karani wa tiketi kwa maneno kwamba "hii inalainisha koo, watangazaji wote wanavuta," na kwa kuwa karani alikuwa mtu mzima, na kwa kuwa kampuni ya sigara ilikuwa ikileta stesheni kila mwaka kalenda yenye picha za watu wenye afya na meno meupe, hakuona sababu ya kubisha, na baada ya mwaka mmoja hakuwa tena mtu wa kuvuta sigara, bali sigara ndiyo iliyokuwa ikimpangia lini anywe chai, lini atoke nje na lini alale.

Alifunga ndoa tarehe 2 Aprili 1983, na jinsi walivyokutana mjane wake ameruhusu isemwe, kwamba siku moja yeye alipanda treni isiyo yake, akashushwa kituo cha mbele, akarudi kwa miguu akiwa na begi kichwani na hasira kifuani, akapanda zile ngazi na kumwambia, "Wewe ndiye uliyesema jukwaa la pili?" naye akajibu kwa ile sauti yake, "Nilisema la tatu, dada, ila kaa kwanza upumzike," na shemeji anasema hadi leo kwamba mumewe alisema la pili, lakini yeye alikaa. Walijaliwa watoto wawili, wa kwanza binti, ambaye sasa ni mwalimu wa shule ya msingi, na wa pili wa kiume, dereva wa malori, na watoto walipoanza kwenda shule mama yao alifungua kioski mbele ya stesheni, akauza chai, biskuti, sabuni, vocha na sigara, zaidi sigara, kwa sababu, kama alivyokuwa akituambia tukimtania, duka bila sigara ni kabati.

Ugonjwa ulimwanza mwaka 2011 kwa sauti kukwaruza, akasukutua maji ya chumvi, akanywa asali, akasema ni vumbi la reli, na mwaka uliofuata, abiria walipoanza kuulizana wao kwa wao kilichotangazwa ni nini, binti yake alimshika mkono akampeleka hospitali, ambako daktari wa koo alimweleza kwamba ni saratani, kwamba imetokana na moshi, na kwamba njia iliyobaki ni kukitoa chote kile kisanduku cha sauti na kumwachia tundu shingoni la kupumulia, naye akauliza, "Na nitabaki kuwa nani?" na daktari, tunamshukuru kwa hilo, hakumdanganya kwa jibu la haraka, alisema, "Utabaki kuwa hai."

Tarehe 17 Oktoba 2012, siku moja kabla ya upasuaji, mkuu wa stesheni alimruhusu akae kwenye kipaza sauti mchana mzima, na wenzake walijipanga chini ya zile nguzo wakitegemea kwamba ataaga, wengine wameshika leso tayari, lakini alitangaza treni zilizokuja na treni zilizoondoka, akawakumbusha abiria wasisahau mizigo yao, akazima swichi, akashuka, na alipoulizwa na mkewe kwa nini hakusema neno, alijibu kwamba watu walikuwa wanasafiri, si vizuri kuwachanganya. Hayo ndiyo maneno ya mwisho ambayo familia iliyasikia kwa sauti yake.

Upasuaji ulifaulu kama daktari alivyoahidi, akabaki hai, akastaafishwa, na kwa kuwa hakuweza kukaa ndani alianza kukaa kioskini na mkewe, kitambaa cheupe kimefunika shingo, akizungumza kwa midomo tu, na wa kumsoma vizuri alikuwa mkewe peke yake, sisi wengine tulikuwa tukikisiakisia na kumfanya akasirike. Mwanzoni wateja walipokuja kununua sigara na kukuta ni yeye anayewapa, walisita, mkono ukabaki hewani, wengine wakanunua peremende wakaondoka, na mkewe akaona kibanda kinadorora, lakini baada ya miezi michache walimzoea, wakawa wanaomba hata kiberiti, wanawasha pale pale mbele yake na kumtakia siku njema, na alimwambia mkewe kwamba katika yote yaliyompata, kile kisu na ile mipira ya hospitali, hakuna kilichomuumiza kama kuona jinsi watu walivyomzoea.

Mwishoni mwa mwaka 2016 baraza la mji lilitangaza kwamba linafikiria kupiga marufuku uuzaji wa tumbaku ya kila aina ndani ya mji, na nyumba yetu, kama nyumba zenu nyingi, ilipasuka katikati, binti akitaka baba yake aende kutoa maoni, mama yake akisema, "Kioski hicho ndicho kilichokusomesha wewe unayetaka kukifunga, na ndicho kilicholipia kitanda cha baba yako hospitalini," dereva akisema kwamba hata zikipigwa marufuku zitapita tu, yeye mwenyewe anazijua njia zitakazopitia, na marehemu akitazama sahani yake, kwa majuma kadhaa watu wakala meza moja wakiombana chumvi tu.

Kikao kilifanyika tarehe 22 Februari 2017 katika ukumbi wa baraza, wengi wenu mlikuwemo, na wa kwanza kuitwa kwa upande wa wenye vibanda alikuwa shemeji yangu, akasema kwa ufasaha kwamba mume wake ameketi pale, kila mtu anamwona, na hakuna anayeichukia sigara kuliko yeye anayeosha lile tundu kila asubuhi, lakini anayetaka kuvuta atavuta, ataitafuta uchochoroni kwa mtu asiyemjua, na mama mwenye kibanda ndiye atakayelala njaa, akapigiwa makofi mengi. Ndipo akaitwa marehemu, binti yake akasimama kando yake ili amsomee midomo, wakaanza vizuri, lakini alipofika mahali fulani binti akakwama, akamwomba baba arudie, akarudia, akakwama tena, machozi yakamziba macho asiione midomo yenyewe, na ukumbi ukaanza kunong'ona, diwani mmoja akaangalia saa, mwenyekiti akasema kwa upole kwamba labda inatosha.

Hapo shemeji yangu aliinuka kutoka upande wa wenye vibanda, akapita katikati ya viti, akamkalisha binti yake, akasimama mbele ya mumewe na kumwambia, "Sema, nakuona," na tangu hapo akatamka kila kitu kilichotoka katika midomo ile, bila kukirekebisha, akisema, "Anasema mke wangu amesema kweli, kioski kilitulisha na kitakosekana. Anasema mwanangu naye amesema kweli, zitapitishwa kwa njia za panya. Anasema hata hivyo mzipige marufuku. Anasema mnaniambia ni hiari ya mtu, basi nitazameni, nimekatwa koo, nimenyang'anywa kazi na jina, na bado naitamani, kila nikishika kikombe cha chai naitamani," na hapo shemeji alimtazama, akamuuliza kwa sauti ndogo ambayo kipaza sauti kilituletea wote, "Kweli? Hata sasa?" naye akaitikia kwa kichwa, shemeji akageukia ukumbi akamalizia, "Anasema sisi tulioshikwa tumeshashikwa, msitutungie sheria sisi. Mtungieni yule ambaye bado hajaionja, asiikute mezani kama tulivyoikuta sisi." Hakuna aliyepiga makofi, wakarudi kukaa, safari hii wameketi pamoja.

Familia ingependa kusema kwamba baraza lilisikia, lakini tumeagizwa tusipambe, baraza liliahirisha shauri mara mbili, mwishowe likakataza kuuza sigara moja moja na kuuza karibu na shule, na amri hiyo kila mmoja wetu anajua inavyofuatwa. Kesho yake baada ya kikao kile, shemeji alifungua kioski kama kawaida na sigara zikiwa mahali pake, wala mumewe hakumlaumu, na aliyekuwa akimuuliza mbona alisema vile ukumbini, alimjibu kwamba yale yalikuwa ya mumewe, na akiulizwa basi yake ni yapi, alisema tangu siku ile hajui vizuri yapi ni ya nani.

Mwezi Novemba 2018 ugonjwa ulirudi, safari hii mapafuni, shemeji akakikodisha kioski ili amuuguze, na aliyekikodi anauza sigara hadi leo, hatumhukumu, ana watoto. Mwana wa marehemu, yule dereva, alirudi kutoka safarini, akawa akimbeba baba yake mgongoni kumpeleka kliniki, na akimfikisha hutoka nje ya geti kuvuta, akirudi ananukia, na marehemu alikuwa akimshika kola ya shati, akimvuta karibu, akimnusa, halafu akimwachia, na hatukuwahi kujua kama lile lilikuwa karipio au ile tamaa yenyewe.

Alifariki tarehe 3 Juni 2019, asubuhi, wodi ya kifua, kitanda cha dirishani, mkewe akiwa amemshika mkono. Wengi mmetuuliza alituachia neno gani, na tumeona tuwajibu hapa kwa pamoja. Alisema kitu, midomo ilicheza, lakini ilikuwa imechoka na kukauka, mkewe akamwambia, "Sijakuelewa, rudia," akarudia, mkewe akainama zaidi akamwambia tena, "Bado, baba watoto, rudia," akarudia mara nyingine, kisha hakurudia tena. Tulimwomba shemeji akisie, walau tupate la kuwasomea leo, akakataa, akasema alisimama mbele ya mji mzima akasema maneno ya mtu huyu bila kuongeza la kwake, na hawezi kuanza kumtungia sasa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, hasa yule muuguzi aliyekuwa akimsubiri amalize kusema hata foleni ikiwa ndefu, majirani mliotuletea maji, viti na mikono yenu, wafanyakazi wa stesheni mliomhesabu kuwa mwenzenu hata alipokuwa hana cha kutangaza, wenye vibanda mliofunga leo kwa heshima yake, pamoja nanyi mlioko nyuma ya ukuta mnaovuta, tunawaona, karibuni mbele mmuage.

Ndugu yetu, ulitusemesha vya kutosha, na hili la mwisho tumekuachia liwe lako, nenda nalo, upumzike, amani iwe nawe huko ulikolala.